Kupata chumba Munich ukiwa bado Kigoma

*Swali: Naandika kutoka Mwanga, Kigoma. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili Munich, Ujerumani, na masomo yanaanza Oktoba. Familia imechanga hela ya ile akaunti ya viza, yaani hela ya matumizi inayowekwa benki kabla ya kupewa viza, itakayonipa euro 992 kila mwezi. Vyumba ninavyoviona mtandaoni ni euro 750 mpaka 900. Kwenye kundi moja la WhatsApp nimempata mtu mwenye chumba cha euro 420, katikati ya mji. Anasema yuko nje ya Ujerumani kikazi, nikimtumia euro 1,200 za kodi na amana atanitumia funguo kwa posta. Nimtumie? Kama sivyo, nitapataje chumba ninachokimudu? Na je, nibebe vyombo na blanketi kutoka nyumbani?*

Usimtumie hata senti, mdogo wangu. Chumba hicho ama hakipo, ama kipo na si chake. Mwenye nyumba aliye safarini, bei nusu ya soko, malipo kwanza, funguo kwa posta: huo ni utapeli wa miaka mingi Ujerumani, na unawalenga hasa watu walio kama wewe, walio mbali, wenye haraka na wasio na ndugu wa kwenda kugonga mlango. Akikutumia picha ya pasipoti yake usitulie. Mara nyingi hiyo ni pasipoti ya mtu aliyetapeliwa kabla yako. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe nakala ya pasipoti yako. Kama ulishampa, hifadhi mazungumzo yote, mfungie mawasiliano, na uwaambie wenzako kwenye kundi hilo leo. Euro 1,200 ni zaidi ya shilingi milioni 3, na najua hela ya mchango wa ukoo inavyopatikana: shamba limeuzwa, mtu amekopa kikobani, mama ameacha kununua kitu alichokihitaji. Hela hiyo ikipotea hairudi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana swali lako la pili ndilo kubwa.

Munich ni mji wenye kodi ghali kuliko miji yote ya Ujerumani. Chumba kimoja ndani ya nyumba ya kushirikiana sasa kinazunguka euro 800, kwa hiyo bei ulizoziona mtandaoni si za kukulangua. Ile euro 992 unayoitegemea haikupangwa kwa ajili ya Munich. Ni kiwango cha nchi nzima kinachofuata msaada wa serikali kwa wanafunzi wa Kijerumani, na ndani ya hesabu hiyo sehemu ya kodi ni euro 380 tu. Anayekwenda mji mdogo wa mashariki na anayekwenda Munich wanapewa hesabu moja. Kwa hiyo ukiona hela haitoshi usidhani umekosea kupanga.

Hebu tupige hesabu yako. Bima ya afya ya mwanafunzi itachukua takriban euro 150. Nauli: tiketi ya mwezi ya nchi nzima ni euro 63 tangu Januari 2026, na wanafunzi wa Bavaria, jimbo la Munich, wana bei iliyopunguzwa, basi ulizia ofisi ya chuo kabla hujanunua. Chakula ukijipikia, weka 200 mpaka 250. Ukiongeza simu na dharura ndogondogo, kodi unayoweza kuibeba bila kufanya kazi ni euro 480 hivi, au 500 ukijibana sana. Ukishapata kibarua unaweza kupanda kidogo. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Lakini usipange kodi ya mwezi wa kwanza kwa mshahara ambao bado hujaupata.

Kuna shimo moja hapa ambalo wengi hawalioni mpaka wamefika. Akaunti ya viza imefungwa: inakutolea 992 kila mwezi, si zaidi, hata kama ndani kuna mamilioni. Amana ya chumba, yaani hela ya dhamana anayoshikilia mwenye nyumba, haitatoka humo. Kwa hiyo familia ikiwa bado inachanga, waambie mapema kwamba unahitaji hela nyingine pembeni, euro 1,500 mpaka 2,000, ya kuanzia maisha. Ni bora ndege isubiri wiki chache kuliko kutua bila hela hiyo.

Namna ya kutafuta. Kigoma, kama kwingine Tanzania, mwenye hela ya miezi sita mkononi ndiye anayepata chumba. Dalali anakuzungusha, unalipa, unahamia jioni. Munich haiko hivyo. Hela kila anayetafuta anayo. Chumba cha bei nafuu kinakwenda kwa aliyewahi foleni, au kwa aliyewapendeza wanaoishi humo. Hela inafuata baadaye. Kwa hiyo kazi yako ukiwa bado Mwanga ni kuingia kwenye foleni nyingi kadiri iwezekanavyo, na kupanga mahali pa kushukia kwa miezi miwili ya mwanzo. Usihangaike kutafuta chumba cha kudumu ukiwa huko nyumbani. Kwenye hangaiko hilo ndiko matapeli wanakoishi.

Foleni ya kwanza ni ya hosteli za wanafunzi za Studierendenwerk München Oberbayern, shirika la umma linalohudumia wanafunzi wa mji mzima. Vyumba vyao vingi ni kati ya euro 300 na 500, maji na umeme humo humo. Baadhi viko kwenye kijiji kilichojengwa kwa wanamichezo wanawake wa Olimpiki ya 1972. Foleni ni ndefu, muhula mmoja au hata mitatu, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuacha kuomba. Wewe omba. Barua ya chuo unayo, basi omba wiki hii, kisha fuatilia barua pepe zao kwa makini, maana wakikuandikia usijibu kwa wakati jina linaondolewa. Hata chumba kikitoka baada ya mwaka, bado kitakuokolea mwaka wa pili. Halafu iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako uulize swali moja wazi: je, kuna vyumba vilivyotengwa kwa wanafunzi wa kigeni wanaoanza, na vinaombwaje?

Foleni ya pili ni ya hosteli za makanisa na za taasisi binafsi zisizo za biashara. Zipo za Wakatoliki, zipo za Walutheri, na kila moja ina fomu yake, hazipitii shirika lile kubwa. Usijiondoe mwenyewe kwa kudhani lazima uwe muumini wao, waulize. Wengi wa hawa husoma barua ya maombi kwa macho ya mtu. Eleza unatoka wapi, unasoma nini, utafanya nini katika maisha ya pamoja ya hosteli. Kama ulishawahi kuongoza kwaya, kikundi cha madrasa, klabu ya mazingira au timu ya netiboli, liandike, kwa maana linahesabika.

Ya tatu ndiyo njia wanayopita wanafunzi wengi: nyumba ya kushirikiana, ambayo wao kwa kifupi wanaiita WG. Watu watatu au wanne wanapanga nyumba moja, kila mmoja chumba chake, jiko na bafu la wote. Chumba kikibaki wazi wanatangaza kwenye mtandao, hasa WG-Gesucht, na wanachagua mwenzao baada ya kuzungumza naye. Tangazo la bei nzuri hupokea ujumbe mwingi mno kwa siku moja. Ujumbe unaosema tu habari, nimependa chumba, bado kipo? hausomwi.

Andika hivi. Mstari wa kwanza, taja kitu kilichomo kwenye tangazo lao, ili waone umelisoma. Wengine huficha neno la siri katikati ya maelezo, na asiyelitaja wanamfuta. Kisha jitambulishe kama unavyojitambulisha kwa wenyeji wako: umri, masomo, unatoka Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, umeishi na watu wangapi, unapenda kupika nini, unalala saa ngapi, usafi wako ukoje. Sema kodi italipwaje, kwamba una akaunti ya viza ya mwaka mzima. Maneno mia moja na hamsini yanatosha. Andika kwa Kijerumani hata kama ni cha kuombea maji, kisha ongeza kwamba Kiingereza unakimudu vizuri. Weka picha moja ya kawaida unayotabasamu. Ukiwa bado nyumbani, omba kuzungumza kwa video, na uwaombe wakuzungushie simu: jiko, bafu, dirisha, hata ngazi. Mtu mwenye chumba cha kweli hafanyi ajizi kwa hilo.

Na kwa sababu sitaki ufike ushtuke, nakuambia wazi: jina la Kiafrika linajibiwa mara chache kuliko jina la Kijerumani. Sheria ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwenye upangishaji, lakini wasiokujibu hawatoi sababu, na ni vigumu kuthibitisha. Usiwe mnyonge, na usichukue kimya chao kama kipimo chako. Tuma nyingi zaidi, na ukishafika tafuta kwa uso: ubao wa matangazo chuoni, kanisani au msikitini, kundi la Watanzania na la Waafrika wa Mashariki mjini, wenzako darasani. Vyumba vingi vizuri havifiki mtandaoni kabisa. Anayehama anamwambia rafiki.

Suala la muda ndilo ningelikazia kuliko yote, na hapo una bahati ukiamka mapema. Mihula ya Ujerumani ina likizo ndefu, na kuanzia mwisho wa Julai mpaka katikati ya Oktoba wanafunzi wengi wanarudi kwao au wanakwenda mafunzo ya kazi. Wanapangisha vyumba vyao kwa miezi miwili, bei ile ile wanayolipa wao. Tangazo la namna hiyo utalikuta limeandikwa Zwischenmiete. Huko ndiko kwako kwa kushukia: fika Agosti au siku za mwanzo za Septemba, ukae kwenye chumba cha muda, utafute cha kudumu ukiwa pale pale. Anayefika mwisho wa Septemba anapata balaa mbili kwa pamoja. Wanafunzi wote wapya wanatafuta, na sherehe ya Oktoberfest, inayoanza katikati au mwishoni mwa Septemba na kuisha siku za mwanzo za Oktoba, imejaza mji. Kitanda cha hosteli ya wasafiri siku hizo kinaweza kukugharimu bei ya hoteli. Hii ina maana miadi ya viza ubalozini Dar es Salaam uishughulikie sasa hivi, usisubiri Julai ndiyo upande treni kwenda kuulizia.

Chumba cha muda nacho kina masharti yake. Muulize anayekupangisha mambo mawili kabla ya yote. Kwanza, je, mwenye nyumba wake amemruhusu kupangisha? Mpangaji wa Ujerumani hana haki ya kumpa mtu mwingine chumba kimyakimya, na ikigundulika anayetoka ni wewe. Pili, je, utaweza kujiandikisha kwa anwani hiyo? Kila anayehamia anatakiwa kujiandikisha mjini ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi iliyosainiwa na aliyempa makazi. Bila uandikishaji huo hupati kibali cha ukaazi, na namba ya kodi ya mapato inayotokana nao ndiyo mwajiri atakayokudai. Chumba cha euro 350 kisichoruhusu kuandikishwa ni ghali kuliko cha 550 kinachoruhusu. Hapo usilegeze, hata wakikubembeleza.

Kuna njia nyingine ambayo watu wetu hawaijui, na kwa kijana aliyelelewa kwenye nyumba yenye bibi naiona inafaa sana. Munich kuna mpango unaoitwa Wohnen für Hilfe, makazi kwa msaada. Mzee mwenye nafasi nyumbani kwake anampokea mwanafunzi, na badala ya kodi mwanafunzi anamsaidia saa moja kwa mwezi kwa kila mita ya mraba ya chumba chake. Chumba cha mita 15, saa 15 kwa mwezi: kumnunulia vitu, kufagia bustani, kumsindikiza hospitali, kukaa naye chai. Kazi za uuguzi hazimo. Unachangia maji, umeme na joto tu. Unahitaji Kijerumani cha mazungumzo na ni lazima mkutane ana kwa ana kwanza, kwa hiyo huwezi kukamilisha ukiwa Kigoma, lakini weka kwenye mipango yako ya wiki ya kwanza. Utaokoa mamia ya euro kila mwezi, na lugha utaijua kuliko wenzako wote wa darasani.

Vilevile usifunge macho kwa miji ya jirani. Tiketi ile ya mwezi inapanda treni zote za kawaida za mikoa, isipokuwa zile za mwendo kasi. Freising, Dachau, Erding na Fürstenfeldbruck zinafikiwa kwa treni za mjini. Augsburg na Landshut ni kama dakika 45 mpaka 50 kwa treni ya mkoa, na kodi ni nafuu zaidi. Lakini kabla hujachukua chumba nje, angalia darasa lako liko wapi. Munich ina kampasi zilizotawanyika. Kitivo kikiwa Garching kaskazini na wewe unakaa magharibi ya mbali, utamaliza saa tatu barabarani kwa siku na hutapata kibarua. Treni ya mwisho usiku nayo iangalie.

Kuhusu kusoma tangazo: kodi inaandikwa mara mbili. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na maji, takataka na joto la nyumba, na hiyo ndiyo ya kuweka kwenye hesabu yako. Umeme na intaneti mara nyingi bado viko nje, na kila nyumba hulipa ada ya redio na televisheni ya umma ya euro 18.36 kwa mwezi, mnagawana. Ukiona nyumba nzima ya bei nzuri, uliza kama ina jiko, maana nyumba nyingi za Ujerumani hupangishwa bila jiko kabisa, kuta tupu. Chumba cha WG hakina shida hiyo.

Amana kwa sheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na unayo haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi mmoja mmoja, ya kwanza mkataba unapoanza. Wenye nyumba wengi hawatakuambia hilo. Wewe liulize kwa adabu. Dalali hulipwa na aliyemwagiza, tangu Juni 2015, kwa hiyo hakuna cha hela ya kuonyeshwa chumba wala kodi ya mwezi mmoja ya dalali kama tulivyozoea. Watakuuliza pia karatasi ya Schufa, rekodi ya madeni. Wewe mgeni huna, na hiyo si dosari. Peleka badala yake uthibitisho wa akaunti ya viza na barua ya chuo. Mkataba usiouelewa usisaini siku hiyo. Shirika la wanafunzi lina ushauri wa sheria, na watu wa pale wamezoea kusoma mikataba ya wageni.

Malipo yote yapite benki, baada ya mkataba kusainiwa na chumba kuonwa na wewe au na mtu unayemjua kwa sura. Kama kuna Mtanzania mmoja unayemwamini Munich, mwombe aende. Nusu saa yake ni kinga kuliko mkataba wowote wenye mhuri.

Vyombo na blanketi acha nyumbani, uzito wa mzigo ni ghali. Hosteli na WG nyingi zina sufuria za wote, na mji una maduka ya mitumba na watu wanaogawa samani na mablanketi bure wanapohama, hasa mwisho wa muhula. Beba shuka mbili, koti jepesi la kuvukia Septemba, na vyeti halisi na tafsiri zake kwenye begi la mkononi. Nafasi inayobaki jaza dagaa. Nyama na maziwa vinakatazwa kuingia Ulaya kutoka kwetu, lakini samaki waliokaushwa kwa matumizi yako mwenyewe wanaruhusiwa mpaka kilo 20, basi wanunue Kibirizi, wakaushwe vizuri hasa, wafungwe kwenye mifuko miwili miwili isiyopitisha harufu, na uwataje ukiulizwa uwanja wa ndege.